Bustani ya Mama Mkwe Chini ya Tuta

Wale mliosema wiki iliyopita kwamba mtu kama mimi anastahili viboko, vuteni subira kwanza. Mkimaliza kusoma ya leo mtaona viboko mlivyonipimia ni vichache.

Kwa anayeanza nami hapa: mimi ndiye mtunza bwawa. Si bwawa la kujivunia. Ni tuta la udongo lililozuia kijito, na maji yake yanamwagilia mashamba ya watu sitini. Chama cha wakulima kilinichagua mimi kwa sababu wengine wote waliopendekezwa walikuwa na shughuli za kufanya. Mimi sikuwa nayo hata moja.

Kazi yenyewe ni kutembea. Kila wiki natakiwa nilizunguke tuta lote, juu na chini, nitazame nyufa, mashimo ya panya, vichaka vinavyoota na sehemu zenye unyevu, halafu niandike kwenye daftari. Basi. Hata hiyo ilinishinda.

Wakati huo mke wangu alikuwa amerudi kwao. Hilo nimelieleza majuma matatu mfululizo na sitalirudia, moyo wangu si wa chuma. Mama yake alisema bintiye hatarudi kwa mwanamume asiyejua kushika kitu kikashikika.

Miezi kumi iliyopita nikaona mahali fulani chini ya tuta, upande wa nje, pameanza kutoa maji. Kidogo tu, kama jasho. Nilitakiwa niandike "pana unyevu" na nipige simu ofisi ya maji siku hiyo hiyo.

Badala yake, baada ya wiki mbili za kuwaza, nilikwenda kwa mama mkwe, nikapiga hodi, nikasema, "Shikamoo Mama. Nimekutafutia shamba."

Hapo ndipo mlipolikunja gazeti mkinitukana. Ni kweli. Nilimpa mama mkwe wangu uvujaji wa bwawa kama zawadi.

Na palistawi! Kiangazi, mashamba ya wenzake yamekauka kau, yeye magimbi yake yana majani mapana kama miavuli na mchicha unamfika kiunoni. Mama mkwe akalainika. Mwezi wa tatu tangu nimpe shamba, alimleta binti yake kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia, "Mtu anayejua ardhi hawezi kushindwa na mke." Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Sasa wiki jana niliishia pale mwenyekiti wa chama aliponisimamisha njiani.

"Alhamisi mtaalamu wa ofisi ya maji anakuja kukagua bwawa kabla ya mvua," alisema. "Daftari liwe tayari."

Daftari lilikuwa jeupe kama siku lilipotoka dukani.

Jumatano nikakaa mezani, nikaandika wiki arobaini na tatu kwa mkao mmoja. Hakuna ufa. Hakuna shimo. Hakuna unyevu. Hakuna ufa. Hakuna shimo. Hakuna unyevu. Mkono uliniuma mpaka begani.

Mke wangu akapita na ufagio. "Unaandika nini kwa bidii hivyo?"

"Kumbukumbu."

"Za nini?"

"Za kazi."

"Kwani uliifanya lini?"

Nikamwacha apite. Nilikuwa na tatizo kubwa kuliko ulimi wake. Tatizo langu lilikuwa mama yake, ambaye kila asubuhi yuko bustanini tangu jua halijachomoza, na ambaye akikutana na mgeni lazima amweleze habari za mchicha wake hata kama mgeni ameuliza njia.

"Mke wangu," nikasema, "hizo nywele zako."

"Zina nini?"

"Zinahitaji mkono wa mama. Mwite kesho mapema akusuke. Ile misuko midogo midogo, ya kuchukua siku nzima."

Akasimama na ufagio wake. "Leo umeziona nywele zangu?"

Alifurahi kweli. Alitabasamu mpaka jioni. Nilijisikia vibaya, nadhani kwa dakika nzima.

Alhamisi, kulipopambazuka, mama mkwe alifika na chanuo na chupa ya mafuta. Niliwaacha wamekaa mkekani uani, nyumbani kwetu, hatua kama mia tatu chini ya tuta. Nikapanda kwenda kumpokea mtaalamu nikipiga mluzi.

Nilitarajia mzee mwenye kitambi, wa kutia saini na kuuliza chakula kiko wapi. Kwenye pikipiki akashuka mwanamke kijana, mwembamba, mwenye buti za mpira na fimbo ndefu ya chuma.

"Wewe ndiye mtunza bwawa?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu sana. Tuanzie kivulini?"

"Tuanzie kwenye ule mti. Nani aliuacha uote juu ya tuta?"

"Ule? Umeota juzi tu."

Akaukumbatia kwa mikono miwili. Vidole havikukutana. "Juzi ya mwaka gani?"

Nikasema ni mti wa aina inayokua haraka. Akaniambia mizizi ikifa inaoza na kuacha vijia ndani ya udongo, na maji yanavipenda sana vijia. Nikasema kumbe. Akaandika.

Tukafika kwenye mtaro wa pembeni, ule wa kutolea maji bwawa likijaa kupita kiasi.

"Huu mtaro mbona una mbuzi?"

"Jirani amewafungia hapa kwa muda."

"Mvua kubwa ikija, maji yatapita wapi?"

"Jirani ni mwelewa, atawatoa."

Akaandika tena. Alikuwa anaandika sana kwa mtu asiyesema sana. Kisha akanyoosha mkono. "Daftari."

Alilifungua, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. "Kalamu moja mwaka mzima?"

"Huwa naitunza."

"Hii tarehe ndiyo siku ile mvua ilipong'oa paa la ghala la chama. Wewe umeandika 'pakavu kabisa.'"

"Siku ile ilinyesha upande wa ghala."

"Mimi siku ile nilikwama barabarani hapo chini, maji yakanifika magotini."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Sasa tushuke upande wa nje," akasema.

"Dada, huko kuna nyoka."

"Wakubwa?"

"Wakubwa mno. Juzi tu mmoja..."

"Basi wana mashimo makubwa. Hayo ndiyo nimeyafuata."

Akateremka. Nikamfuata huku namlaani nyoka kwa kutokuwapo. Tulipofika chini alisimama ghafla. Tuta zima lilikuwa na majani makavu ya rangi ya udongo, na pale katikati, kama zulia la kijani, bustani ya mama mkwe.

"Hii ni ya nani?"

Kabla sijatunga uongo, sauti ikapasuka kutoka njiani. "Nani huyo anakanyaga mchicha wangu?"

Mama mkwe alikuwa anakuja mbio mbio, chanuo amelichomeka kwenye nywele zake, mikono inang'aa mafuta. Jirani mmoja mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi alikuwa amempelekea habari kwamba kuna mgeni bustanini.

"Shikamoo, Mama," mtaalamu akasema.

"Marahaba. Toka kwenye mchicha."

Mtaalamu akatoka. "Nakusifu, Mama, bustani nzuri. Unamwagilia mara ngapi kwa wiki?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu.

"Mkwe, nenda kanywe maji," mama mkwe akasema, kisha akamgeukia mgeni, kifua mbele. "Mimi? Simwagilii hata tone! Kiangazi, masika, hapa ni hivi hivi. Huyu mkwe wangu ndiye aliyenichagulia. Watu wanamdharau huyu, lakini mkono wake una baraka. Mimi mwenyewe nilimdharau. Leo nasema mbele yako, sina mkwe mwingine."

Miaka tisa nimeoa kwake. Miaka tisa sijawahi kusikia neno jema kutoka kinywani mwake. Akalitoa siku hiyo, mahali hapo, kwa mtu huyo.

Mtaalamu akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya upole. "'Chini ya tuta, upande wa nje: hakuna unyevu.' Wiki arobaini na tatu."

Mama mkwe alilitazama daftari. Akanitazama mimi. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa imezama kwenye matope mpaka vifundoni. Yeye si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

Mtaalamu akachoma fimbo ya chuma ardhini, karibu na mahali tuta linapoanzia. Ikazama kama kwenye ugali wa moto. Akaichomoa, maji yakachuruzika kwenye lile tundu. Akakinga kwa chupa ya plastiki, akainua juu.

"Tuta la udongo kuvuja kidogo si ajabu," akasema. "Maji yakitoka safi, tunayaangalia, tunayapima, tunaweka mchanga na kokoto juu yake, maisha yanaendelea. Yakitoka na udongo, huo udongo ni wa ndani ya tuta. Maana yake linaliwa kutoka tumboni, na linaweza kwenda lote kwa saa chache."

Ndani ya chupa maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Nikaogopa. Nawaambieni ukweli, niliogopa mpaka masikio yakaziba. Maana kila asubuhi, kwa miezi kumi, nilikuwa napita pale. Sikuwa nazunguka tuta lote, hapana, lakini pale nilikuwa napita, nainama, natazama, kwa sababu mtu aliyeficha kitu hawezi kukaa mbali nacho. Na siku zote maji yalikuwa meupe. Hata jana yake yalikuwa meupe.

"Isipokuwa," mtaalamu akasema, "kama kuna mtu amelima hapa asubuhi ya leo. Jembe nalo linachafua maji. Mama, umelima leo?"

Mama mkwe akatupia jicho jembe lake lililolala kando ya magimbi.

"Kama umelima, nitarudi Jumatatu nipime tena kukiwa kumetulia. Kama hujalima, tunaanza kushusha maji sasa hivi, na nyumba zote za chini zinahama. Na huyu bwana," akanitazama, "ataniambia kwa nini aliandika alivyoandika."

Mama mkwe akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Labda aliona mkwe ambaye yeye mwenyewe alimsifu dakika tano zilizopita, akaona aibu kuyala maneno yake yangali ya moto. Labda alinihurumia. Akajifuta mafuta ya mikono kwenye kanga.

"Nimelima," akasema. "Tangu alfajiri. Jembe langu lile pale."

"Una hakika, Mama?"

"Mimi ni mtu mzima, mwanangu. Nikilima najua."

Mtaalamu akashusha pumzi. Akaifunga chupa, akaandika tarehe juu yake. "Haya. Tuonane Jumatatu."

Sikilizeni. Nilikuwa nimepona. Kazi ninayo, mke ninaye, na mama mkwe aliyekuwa hanitetei hata kwa mbu ameongopa mbele ya serikali kwa ajili yangu. Mtu mwenye akili angeshukuru na kumsindikiza mgeni kwenye pikipiki yake.

Mimi nikatazama chini. Niliona paa la nyumba yangu na kamba ya nguo. Niliona paa za majirani, na muuza mkaa mmoja aliyelala mchana mlangoni kwake. Kisha nikatazama magimbi. Safu iliyo karibu na tuta ilikuwa imelala upande mmoja, na katikati yake udongo ulikuwa unapanda na kushuka polepole kama uji unaoanza kuchemka.

"Mama hakulima," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu, ingawa sikuiamini.

"Unasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Hukulima, Mama. Samahani."

"Unaniita mwongo? Mimi? Wewe?"

"Tangu alfajiri ulikuwa kwangu, Mama, unasuka."

Mtaalamu akatutazama kwa zamu, kama mtu anayeamua nani mwenye kichaa. Ni hapo mke wangu alipotokea njiani akihema, amemfuata mama yake. Nusu ya kichwa imesukwa vizuri, misuko midogo midogo. Nusu nyingine imesimama wima.

"Mama, unaniacha hivi niende wapi?" akasema. Kisha akaona nyuso zetu. "Kuna nini?"

Mtaalamu alikitazama kile kichwa kwa makini kuliko alivyolitazama tuta. Akaifungua tena ile chupa, akaimwaga. "Asante, dada," akamwambia mke wangu, ambaye hakujua ameshukuriwa kwa lipi.

Akanigeukia. Hakuwa na upole tena.

"Nisikilize. Maji haya yalianza lini? Ukisema yameanza siku hizi mbili tatu, basi tundu linakua mbio, nalipasua tuta mwenyewe pale kwenye mtaro, maji yote yaende kabla halijajipasua. Watu sitini wanapoteza msimu. Kama ni ya zamani na yamechafuka leo tu, tunao muda kidogo. Tunayashusha kwa koki, tunabakiza nusu. Lini?"

Lilikuwa swali la maji tu. Yeye aliuliza la maji. Lakini mke wangu alikuwa amesimama pale, na mama yake amesimama pale, na wote wawili walijua tarehe niliyotoa shamba.

"Unasubiri nini?" mtaalamu akasema.

"Miezi kumi," nikajibu. "Yalianza miezi kumi iliyopita. Yalikuwa meupe siku zote, mpaka jana."

"Una hakika?"

"Nimeyatazama kila siku."

Akatikisa kichwa, akaanza kupiga simu huku anatembea. Mama mkwe alikuwa anahesabu kwa vidole. Hakufika mbali. Shamba alipewa miezi tisa na nusu iliyopita.

"Ulijua," akasema. "Wakati unanipa, ulijua."

"Nilijua, Mama."

Mke wangu akasogea karibu. Aliongea taratibu, na mimi namjua, akiongea taratibu ni vibaya.

"Kwa hiyo siku mama ananirudisha kwako, akasema mtu anayejua ardhi hawezi kushindwa na mke, alikuwa anasifu tundu la bwawa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukakaa pale unatikisa kichwa."

"Ndiyo."

Nilisubiri kofi. Lingenisaidia. Hakunipiga, wala hakulia. Alinitazama tu, jinsi mtu anavyotazama mlango ambao hakumbuki kama aliufunga.

"Koki!" mtaalamu akapaza sauti. "Mimi siondoki hapa, nayatazama maji. Kafungueni koki! Watu wawili, ile ni nzito!"

Nikakimbia. Koki yetu iko mwisho wa tuta, ina usukani wa chuma mpana kama sinia. Natakiwa kuupaka grisi kila mwezi. Msiniulize.

Nikashika upande mmoja, nikavuta. Haukusogea. Nikaweka mguu kwenye zege, nikavuta mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Wapi! Kutu ilikuwa imeukumbatia kama imeahidiwa mirathi. Upande wa pili ulikuwa wazi, unamsubiri mtu, na niliogopa kugeuka kuona kama kuna mtu anakuja.

Mikono miwili ikaushika.

Ilikuwa ya mama mkwe.

"Usidhani nimekusamehe," akasema.

"Hapana, Mama."

"Nimesema uongo kwa ajili yako, na umri huu wangu, mbele ya mgeni."

"Nilisikia, Mama."

"Ukaniumbua."

"Ndiyo, Mama."

"Vuta!"

Tukavuta. Usukani ukalia, ukatetemeka, ukasogea robo. Chini ya miguu yetu bomba likaanza kunguruma. Ile ngurumo ilikuwa tamu, siwezi kuwaeleza, nilitaka kumkumbatia mama mkwe, nikakumbuka hali ilivyo.

Mimi nilikuwa nimeipa nyumba yangu mgongo. Yeye alikuwa ameielekea, anaitazama juu ya bega langu.

"Mama, mke wangu yuko wapi?"

"Ameshuka nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Anatoa vitu nje."

Moyo ukanitulia kidogo. Nyumba zote za chini zinahama, ndivyo mtaalamu alivyosema, na mke wangu si mtu wa kusubiri kuambiwa mara mbili. "Anatoa vyote?"

Mama mkwe aliyakaza macho kule chini, kwa muda mrefu, na mdomo wake ukafunguka kidogo kama wa mtu anayetaka kuita jina halafu akaona haifai.

"Mama, anatoa vya nani?"

"Vuta," akasema. "Ukigeuka, naachia."